Msimwambie tu "kula"

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua wengi wanakuandikia kuhusu siasa na barabara, mi nataka kusema kuhusu kula na kutokula, maana kuna ugonjwa wa ulaji, wa mtu kujinyima chakula na kujitapisha, umekaa nyumbani kwetu karibu miaka miwili na hakuna aliyeujua jina mpaka ulipotaka kutunyang'anya mdogo wangu.

Ulianza na sifa. Binti alipungua kidogo, kila anayekutana naye anamwambia umependeza, tupe siri, na mama akafurahi na mimi nikafurahi. Halafu akaanza kupenda jiko kuliko sisi wote, anaangalia video za mapishi mpaka usiku wa manane, anapika, anatupakulia sahani zimejaa kabisa, anasimama pale kutuangalia tukila, ukimuuliza wewe je anasema nimeshaonja sana nikipika nimeshiba. Akilazimishwa kukaa anakata chakula vipande vidogo vidogo kama anamkatia mtoto asiye na meno, anavisukuma pembeni ya sahani, vingine vinaishia kwenye tishu mfukoni. Na sisi tunamsifia eti ana mkono wa kupika. Kumbe mpishi wetu alikuwa na njaa kali kuliko mtu yeyote mle ndani.

Baadaye nikiwa natafuta kuelewa nikasoma habari ya Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Mtafiti Ancel Keys alichukua wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula mpaka karibu nusu kwa muda wa kama miezi sita, lengo likiwa kujua namna ya kuwasaidia watu walioshikwa na njaa ya vita. Wale wanaume wakaanza kuota chakula, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, sahani moja mtu anaila taratibu muda mrefu mpaka anailamba, wakawa wakali, wakajitenga, hamu ya wanawake ikaisha, na wengine waliporuhusiwa kula tena wakawa wanakula na hawawezi kuacha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anataka umbo jembamba! Nilipofika hapo nililia, maana huyo ni mdogo wangu kabisa, yale tuliyokuwa tunaita kiburi na maringo mengi yalikuwa njaa yenyewe inafanya kazi kwenye ubongo. Kwa hiyo unapomwambia kula tu, acha mambo yako, unaongea na mtu ambaye kichwa chake kimeshatekwa.

Ugonjwa huu unaingiaje sasa, hapo hakuna jibu moja. Kuna kurithi, watafiti waliochunguza mapacha wameona damu ina mchango mkubwa. Kuna tabia ya mtu, yule wa wasiwasi, anayetaka kila kitu kiwe sawasawa, mwenye kuongoza darasani. Kuna kutaniwa mwili, kuna kuumizwa utotoni, kuna michezo na dansi zinazodai wepesi, na mara nyingi mlango unafunguliwa na diet ya kawaida tu ambayo kwa mwenzake ingeisha wiki ya pili. Na kuna tunachoangalia. Kule visiwa vya Fiji televisheni iliingia jimbo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa shule mwanzo kabisa kama wanajitapisha ili wapungue, hakuna aliyesema ndiyo, akarudi 1998 akakuta asilimia 11.3 wanafanya. Hiyo ni televisheni tu jamani, leo binti analala na simu chini ya mto.

Mama yangu mpaka leo anajilaumu. Mi namwambia mama si wewe, na madaktari pia walimwambia hivyo hivyo, wazazi siyo chanzo ila wanaweza kuwa dawa.

Kitu kingine kilichotuchelewesha ni macho. Tulikuwa tunasubiri awe mifupa mitupu ndo tuamini anaumwa. Lakini bulimia, ambayo daktari Gerald Russell wa London aliieleza kitaalamu mwaka 1979, mwenye nayo mara nyingi ana mwili wa kawaida kabisa, anakula kingi kwa siri halafu anakitoa, na wapo wengine wanaokula hivyo bila kukitoa, wamejaa aibu, na wanaishia kuambiwa walafi. Princess Diana alilisema la kwake mbele ya kamera za BBC mwaka 1995, na nani alikuwa anamdhania? Wanaume nao wanaumwa, sema wao hakuna anayewauliza.

Mdogo wangu alifika mahali akawa anajitapisha hata kile kidogo alichokula. Akimaliza tu kula anaenda bafuni anafungua bomba, maji yanamwagika dakika kumi, na sisi tunalalamika anapoteza maji. Vidole vyake viwili vilikuwa na sugu kwenye vifundo, nikadhani ni kufua. Mashavu yakavimba, majirani wakamwambia afadhali umeanza kunawiri, naye akasikia umenenepa, akazidi kujinyima. Yale mashavu yalikuwa tezi za mate zimevimba kwa kutapika. Siku alipoanguka daktari alisema potasiamu, madini ya damu yanayosaidia moyo kupiga, imeshuka mno, mapigo ya moyo hayaendi sawa, na moyo wa namna hiyo unaweza kusimama usingizini. Hedhi ilishakata miezi, alikuwa anavaa sweta mchana wa jua, nywele zinabaki kwenye kitana, meno yameliwa na asidi. Mifupa nayo inapungua nguvu na hiyo hairudi kirahisi hata mtu akipona.

Hospitali hawakumjazia chakula siku ya kwanza kama tulivyotaka sisi. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa ghafla madini ya damu yanavurugika na mtu anaweza kufa akilishwa, kwa hiyo walipima damu kila mara na kuongeza polepole. Aliporudi nyumbani tukafundishwa kumsimamia mezani, bila kugombana, bila kuongelea mwili wa mtu yeyote, anayeamua sahani ni mama siyo ugonjwa. Pia anaongea na mshauri kila wiki, maana wengine huu ugonjwa unawafikisha kutaka kujiua na hilo haliondoki lenyewe.

Ombi langu kwako Mhariri, zile picha za mastaa za kabla na baada na kichwa cha habari kinachosema siri ya kupungua, mziache. Ukurasa wa afya mpeni daktari aeleze dalili hizi, na zaidi ya mara moja.

Jana usiku nilimpakulia mimi. Alikaa na ile sahani dakika arobaini, machozi yanamtoka, mama amekaa pembeni yake anasuka ukili hasemi kitu, mpaka ikaisha. Halafu wakakaa tena pale pale wawili, bafuni hakuenda.

Ni mimi msomaji wako,
Dada mtu.