Risala ya Kikundi cha Akina Mama cha Kuweka na Kukopa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake, 8 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, mama zetu na baba zetu,

Karibu sana. Kanga tulizokutandikia njiani zimeingia tope la mvua ya jana, utuwie radhi.

Kikundi chetu kilianzia chini ya mwembe huu, kila mama na hisa yake ya wiki. Leo tunakopeshana ada, mbegu na mtaji wa genge, na mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengewa wanawake, tumeupata na tunaurejesha. Ya sanduku yanakwenda vizuri, hatutakuchosha nayo. Jambo letu leo ni shamba.

Mheshimiwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Wetu 3 wapo, ila shauri likianza wanaambiwa wakaangalie chai.

Walipopita wapimaji wa hati za kimila, zile za kumiliki ardhi ya kijiji, baba alisimama mpakani akataja jina lake. Mama alikuwa humo humo shambani, ameinama anapalilia, hakuna aliyemwita. Mwenzetu mmoja amelima hapo tangu aolewe. Mumewe alipofariki, matanga hayajaanuliwa, shemeji zake wakaja na kamba ya kupimia.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ikiwa kupika na kufua kumehesabiwa, jembe je?

Tunaomba Afisa Ardhi asipokee fomu ya shamba la mume na mke kabla mke hajaitwa mpakani na jina lake kuandikwa. Tunaomba pia wajumbe wetu 3 wakae barazani. Chai tutampa kijana aichemshe.

Wapo baba zetu wachache walioandikisha majina mawili. Wameketi pale kwenye benchi la mbele, na mashamba yao hayajawakimbia.

Tunaomba kuwasilisha.