Zile adapta ulizoniachia

Bagamoyo, Jumapili usiku

Mpenzi Mwanahawa,

Hujambo shoga yangu? Sisi wazima, mguu wa mama umepona, na Bi Nuru kila akipita anauliza utakuja lini. Nisamehe kimya changu tangu Idi. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya zile adapta za kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme.

Nyumba hii unaijua. Kuta za matumbawe na chokaa, nene, waifai ya sebuleni inaishia koridoni. Rehema anasomea chumba cha uani, na masomo yake ya mtandaoni yalikuwa yanakatika kila mara. Juzi nilimkuta analia. Nikachomeka adapta zako, moja sebuleni na moja uani, taa zikawaka, nikashukuru Mungu. Kupima: sebuleni megabiti 38 kwa sekunde, uani 4. Na boksi limeandikwa 500! Nilidhani umeniachia mbovu, unisamehe kwa dhana hiyo. Kumbe ile 500 ni hesabu ya kwenye waya, kwenda na kurudi pamoja, hali ikiwa safi kabisa. Hata tundu la kebo la adapta zenyewe mwisho wake ni 100.

Nikazileta zote mbili sebuleni, soketi jirani. 38 kamili. Basi adapta zenyewe ni nzima, kasoro iko njiani. Ndipo nikaona kuwa ile ya uani nimeichomeka kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme kuzidi. Kinga ile inachuja mawimbi ya kasi, na intaneti inasafiri kwa mawimbi hayohayo! Nikaichomeka ukutani moja kwa moja: 19. Nikang'oa chaja ya simu iliyokuwa pembeni: 24. Chaja ndogo vile inavuruga mawimbi, Mwanahawa!

Tatizo jioni. Taa zikiwashwa inashuka hadi 7, na hiyo ndiyo saa ya masomo ya Rehema. Nimezima friji, wapi. Nimezima ile taa ya LED ya koridoni, ikapanda mpaka 13. Lakini bado… Nawazia fezi, yaani zile nyaya zinazoingiza umeme nyumbani, kila moja na njia yake. Baba, Mungu amrehemu, aliingiza umeme wa fezi tatu kwa ajili ya mashine ya kusaga, na uani kuliungwa baadaye na fundi mwingine. Kama uani uko fezi nyingine na sebule, intaneti inafika imechoka, mvurugo kidogo tu wa umeme kutoka kwenye taa unaifunika. Meni swichi siigusi, naogopa, na mama kanikataza.

Kaka Athumani bado anafanya umeme? Anaweza kushuka huku kabla mitihani ya Rehema haijaanza mwezi ujao? Nauli nitatuma. Kuhamisha uani kwenye fezi ya sebule ni kazi kubwa, au nivute tu kebo ndefu kupitia darini? Wewe ulipokuwa ukizitumia, jioni zilikuwa hivi? Na Tanga umeshaizoea, au bado unalilia Bagamoyo yetu?

Wako,
Saida