Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usimamizi wa Mabenki Nigeria na Suala la Chanzo cha Mtaji

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati ya utendaji ichambue usimamizi wa mabenki katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Tuliichagua Nigeria kwa sababu benki zake zimekwishafika kwetu. UBA, Access na GTBank zina kampuni tanzu Afrika Mashariki, na mkaguzi wa Nairobi au Dar es Salaam hawezi kuipima tanzu bila kujua hali ya benki mama.

Ya zamani nitayapitia haraka. Kabla ya 1952, aliyetaka kufungua benki Nigeria alisajili kampuni tu, kama anayefungua duka. Ripoti ya G. D. Paton wa Benki Kuu ya Uingereza ya mwaka 1948 ndiyo iliyozaa sheria ya 1952, iliyodai leseni na mtaji wa pauni 12,500 kwa benki ya wenyeji na pauni 100,000 kwa benki ya kigeni. Kufikia 1954, benki 21 kati ya 25 za wenyeji zilikuwa zimeanguka. Benki Kuu ya Nigeria ilianza kazi tarehe 1 Julai 1959. Leseni zilipolegezwa baada ya 1986, idadi ya benki ilipanda hadi takriban 120 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Januari 1998 benki 26 zikafungwa kwa mpigo.

Sasa nakuja kwenye kiini cha taarifa hii. Tarehe 6 Julai 2004, Gavana wa Benki Kuu, Charles Soludo, alitangaza kuwa mtaji wa chini utapanda kutoka naira bilioni 2 hadi bilioni 25 ifikapo tarehe 31 Desemba 2005. Benki 89 zikapungua hadi 25, nyingi zikiungana. Kiwango kilifikiwa, lakini sehemu ya mtaji huo ilikuwa ya karatasi.

Tuchukue mfano. Benki inahitaji bilioni 10 zaidi. Inaikopesha bilioni 10 kampuni iliyosajiliwa kwa kazi hiyo hiyo, nayo kampuni inanunua hisa za benki. Fedha inarudi ilikotoka. Vitabuni, mtaji umepanda kwa bilioni 10 na mikopo imepanda kwa bilioni 10, wakati hakuna hata kobo (senti ya naira) moja mpya iliyoingia. Dhamana ya mkopo ni hisa zile zile. Bei ya hisa ikianguka, dhamana inayeyuka, mkopo unakuwa chechefu, yaani haulipwi, na hasara yake inaula mtaji ule ule. Soko la hisa la Lagos lilipoporomoka kuanzia 2008, mtego ukafyatuka.

Jambo hili hugundulika, ila si kwa kusoma mizania peke yake. Mkaguzi achukue daftari la waliogawiwa hisa, aanze na wanunuzi wakubwa, kisha alilinganishe na daftari la mikopo kwa siku 90 kabla na baada ya mgao. Afuate kila malipo hadi akaunti yalikotoka, hata ikiwa katika benki nyingine, maana benki mbili huweza kila moja kuwakopesha wanunuzi wa hisa za mwenzake. Mkopo ulioandikwa "mtaji wa kazi" huku dhamana yake ni hisa, na ambao mkopaji hajawahi kupunguza deni la msingi, uwekwe kando siku hiyo hiyo ili uchunguzwe.

Ilikuwapo na kasoro ya pili, ambayo naiona haizungumzwi vya kutosha. Kila benki ilifunga hesabu kwa tarehe yake, hivyo iliwezekana kukopa amana kwa mwenzako siku za kufunga mwaka, ukapendeza, kisha ukamrudishia naye apendeze wakati wake. Benki Kuu ilizilazimisha benki zote zifunge hesabu tarehe 31 Desemba kuanzia 2009. Dawa hiyo ni rahisi mno, na ilichelewa.

Mwaka huo huo, Gavana Sanusi Lamido Sanusi aliamuru ukaguzi maalumu wa Benki Kuu pamoja na shirika la bima ya amana, NDIC. Tarehe 14 Agosti 2009 wakuu wa benki tano waliondolewa. Mikopo chechefu ya benki hizo ilikuwa karibu 40 kwa mia ya mikopo yao yote. Oktoba zikafuata benki nyingine. Benki Kuu iliingiza jumla ya naira bilioni 620 katika benki hizo. AMCON, shirika lililoundwa 2010 kununua mikopo mibovu, inagharimiwa kwa sehemu na tozo ya benki zote, iliyofika 0.5 kwa mia ya rasilimali zao, zikiwemo benki ambazo hazikukosa. Gharama hiyo inauma.

Waraka wa tarehe 28 Machi 2024 unaonyesha kuwa somo limeingia. Mtaji ni naira bilioni 500 kwa benki zenye leseni ya kimataifa, bilioni 200 kwa za kitaifa na bilioni 50 kwa za kikanda, mwisho tarehe 31 Machi 2026. Kinachohesabiwa ni mtaji wa hisa uliolipwa na ziada ya bei ya hisa tu. Faida iliyolimbikizwa haimo. Heritage Bank ilipofutiwa leseni tarehe 3 Juni 2024, kinga ya amana ilikuwa imekwishapandishwa kutoka naira 500,000 hadi milioni 5, na NDIC ilitumia namba ya utambulisho wa mteja, BVN, kupata akaunti zake katika benki nyingine na kumlipa humo.

Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: mwongozo wetu wa ukaguzi uongezewe sura ya kufuatilia chanzo cha mtaji, na warsha ya mwaka ujao itumie daftari la mgao wa hisa na daftari la mikopo vikiwa mezani pamoja.