Boti ikizuiwa kuondoka, usitafute mashua

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme juu ya familia zinazokwama kisiwani, au zinazokwama zikielekea huko, bahari inapochafuka. Hali huwa ni ile ile. Jua linawaka, maji ya bandarini yametulia tuli, watoto wameketi juu ya mabegi, na tangazo limebandikwa kwamba boti haiondoki. Mzazi anayatazama maji, analitazama tangazo, anaona ameonewa. Nusu saa haijapita, ameshaanza kupatana bei na mwenye mashua.

Hiyo nusu saa ndiyo inayonitia hofu kuliko wimbi lenyewe.

Bandari hujengwa mahali palipokingwa, kwa hiyo utulivu wake hauonyeshi lolote la huko nje. Wimbi linaloizuia boti huenda limezaliwa na dhoruba iliyo umbali wa kilomita elfu moja au zaidi, likasafiri siku mbili tatu na kufika bila wingu wala upepo. Kuna na mkondo: maji yanapokupwa na kutoka kwa kasi katika mlango mwembamba, upepo nao ukivuma kinyume chake, mawimbi hubanana, hufupika na kusimama wima. Saa 6 baadaye maji yanajaa, mkondo unageuka, na mahali pale pale panapitika. Ndiyo maana safari ya asubuhi inaweza kufutwa na ya alasiri ikaenda, na watu wakadhani kuna waliopendelewa.

Mara nyingine njia yote inapitika, ila gati la upande wa pili halikaliki. Boti iliyofungwa gatini wakati mawimbi yanaingia hupanda na kushuka, kamba zinakazika na kulegea, ngazi ya kushukia inateleza mbele na nyuma juu ya saruji. Mtu mzima asiye na mzigo anaweza kungoja boti iinuke akavuka kwa hatua moja. Mama aliyebeba mtoto mkono mmoja na begi mkono wa pili hawezi, na chini yake kuna mwanya unaofunguka na kufumba kati ya ubavu wa boti na gati. Nahodha anayajua hayo kabla hajang'oa nanga.

Sasa kuhusu namba. Utabiri unaposema mawimbi ya mita 2, wengi wetu tunaelewa kwamba hakuna litakalozidi hapo. Sivyo inavyohesabiwa. Kimo kinachotangazwa ni wastani wa ile thuluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Takriban wimbi moja kati ya 7 litazidi mita 2, na katika kila mawimbi elfu moja hivi, moja hukaribia mara mbili ya kimo hicho, yaani karibu mita 4. Mawimbi yakifuatana kila sekunde 6 au 7, hayo elfu hutimia chini ya saa 2. Kuvuka kwenda kisiwani mara nyingi huchukua muda kama huo.

Weka namba hizo kando ya mashua ya mita 7. Wanaojua uthabiti wa vyombo wanasema wimbi linalovunjika, lenye kimo cha karibu thuluthi ya urefu wa chombo, likikipiga ubavuni linaweza kukipindua. Kwa mashua hiyo, wimbi la mita 2 na kidogo linatosha. Boti kubwa iliyofuta safari ina urefu wa mara tano au sita ya hapo, na bado nahodha wake amesema hapana. Tena kwa boti za kasi mara nyingi neno si la nahodha peke yake: kibali chake hutaja hali ya bahari ambayo haruhusiwi kuivuka, na akiivuka anavunja sheria.

Hata meli kubwa si kinga ikipuuzwa mipaka yake. Le Joola ya Senegal iliruhusiwa kubeba watu 580 hivi. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2002 ilikutana na upepo mkali karibu na pwani ya Gambia ikiwa imejaza zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo, ikapinduka kwa muda mfupi sana. Walikufa zaidi ya watu 1,800. Wakaokoka 64.

Kinachomsukuma mzazi kwenye mashua, kwa kawaida, ni tiketi ya ndege ya kesho yake, au kazi, au shule inayofunguliwa. Kwa hiyo dawa inaanzia siku ya kupanga. Acha siku moja kamili, yenye usiku wake, kati ya boti ya kurudi na ndege. Katika miezi ambayo upepo wa huko hujulikana kuwa mkali, acha mbili. Mahali pengi upepo huzidi mchana na kupungua usiku, basi chagua boti ya kwanza ya asubuhi. Tenga pia fedha za kulala usiku mmoja ambao hukuupanga. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 inampa abiria haki ya kusafirishwa baadaye au kurudishiwa nauli safari inapofutwa, lakini sababu ikiwa ni hali ya hewa inayohatarisha chombo, kampuni haidaiwi fidia wala hoteli. Hata palipo na sheria nzuri kiasi hicho, malazi yanabaki kwako.

Mabegi makubwa hufungiwa chini na hayafikiwi tena. Mkononi baki na dawa za siku 3 za kila anayetumia dawa, maji, nguo moja kavu ya kila mtoto, na mifuko ya kutapikia miwili kwa kila mtu. Mmoja hautoshi.

Bahari huwalevya zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12. Walio chini ya miaka 2 husumbuka mara chache. Kidonge cha kuzuia kichefuchefu humezwa saa moja kabla ya kuondoka, kwa kipimo cha umri alichotaja mfamasia. Mtoto akishaanza kutapika, hakikai tumboni. Keti katikati ya boti, ghorofa ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na mtoto atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Simu ifungwe. Akitapika, mpe maji kwa kijiko cha chai kila baada ya dakika chache. Kikombe kizima kitarudi chote. Na msikimbilie wote upande mmoja wa sitaha kutapika, kwa sababu uzito wenu ni sehemu ya mizani ya chombo.

Jaketi la kujiokolea liulizwe kabla boti haijaondoka. Kwa kanuni za kimataifa, la mtoto mchanga ni la uzito chini ya kilo 15, la mtoto ni la kilo 15 hadi 43. La mtu mzima juu ya mtoto wa kilo 18 ni mtego: akiingia majini linapanda, linamfunika uso, na yeye anachomoka kwa chini. Mvalishe, funga na mkanda unaopita kati ya miguu, kisha shika mabegani mwa jaketi uvute juu. Likipita kidevu, omba dogo zaidi.

Kampuni za boti nazo zina deni. Tangazo la kufuta safari likitoka saa 2 usiku, familia inalala ilipo na kupanga upya kwa utulivu. Likitoka dakika kumi kabla ya kuondoka, watoto wameshachoka, chumba kimeshaachwa, na mwenye mashua amesimama mlangoni. Saa ya uamuzi ingeandikwa kwenye tiketi yenyewe, pamoja na namba ya kupiga.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni dogo. Mnapochapa utabiri wa bahari msiishie kwenye "bahari itachafuka". Andikeni kimo cha mawimbi, sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, upepo unatoka wapi na kwa kilomita ngapi kwa saa, na saa za maji kujaa na kupwa. Mistari minne inatosha, na itamfikia mzazi jioni, kabla hajafunga mabegi.

Msomaji wako