Tuandikieni jina la dawa kwenye bahasha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vile vibahasha vya dawa tunavyopewa hospitalini na madukani.

Mama yangu anaishi Ukerewe, ana miaka 67, na presha anayo kwa zaidi ya miaka kumi. Mwezi wa tatu alishuka kwenye meli ya Nansio kuja kwangu Kirumba akiwa amevaa ndala, viatu vyake kavishika mkononi. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Akiinuka kitini anashika ukuta kwanza, anasubiri kizunguzungu kipite. Kule nyumbani wapo waliosema ni figo, wapo waliosema kakanyaga kitu kibaya. Zahanati walimwongezea dawa ya kukojosha ili uvimbe upungue, ikawa hapati usingizi kwa kwenda chooni usiku kucha.

Jioni nikamwomba anionyeshe dawa zake. Alizimwaga mkekani kutoka kwenye kopo: vibahasha vitatu vyeupe, vyote vimeandikwa "1x1" kwa peni ya bluu, na kimoja maandishi yameanza kufutika kwa jasho. Hakuna jina la dawa, hakuna neno lingine lolote. Kimoja kilikuwa cha hiyo dawa ya kukojosha. Katika viwili vilivyobaki, vidonge vilikuwa vya maumbo tofauti na majina makubwa nyuma ya karatasi zake yalikuwa tofauti. Nikavaa miwani nikasoma herufi ndogo za chini. Zote mbili: amlodipini, dawa ya presha, miligramu 10.

Yaani Mama alikuwa anameza miligramu 20 kila asubuhi, wakati kiwango cha juu cha dawa hiyo kwa mtu mzima ni 10 kwa siku. Kuvimba miguu ni jambo linalojulikana kwa amlodipini, na dozi ikipanda uvimbe nao unazidi. Kumbe kwa ile dawa ya kukojosha alikuwa anatibiwa madhara ya dawa nyingine, si ugonjwa.

Ilikuwaje? Kliniki ilimwandikia kwa jina ambalo kampuni iliipa dawa yake, si jina halisi la dawa. Mwezi uliofuata ya kampuni ile ikakosekana, duka likampa ya kampuni nyingine, naye za mwanzo alikuwa hajazimaliza. "Nilijua wameniongezea, mwanangu," aliniambia. Mama ndiye anayesoma masomo kanisani kwao, kusoma si shida yake. Angesoma nini kwenye "1x1"?

Kesho yake tulikwenda kwa mfamasia. Akatuambia abaki na aina moja tu, kidonge kimoja kwa siku, na kuhusu ile ya kukojosha akaturudisha kwa daktari badala ya kumwachisha yeye mwenyewe. Namshukuru sana kijana yule. Baada ya wiki tatu viatu vilimwingia.

Sasa niseme la pesa, maana hapo ndipo wengi tunaumia. Ile aina ya kwanza bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya hii ya pili, na dawa ndani ni ileile, kipimo kilekile. Ni kama Panadol na parasetamoli, hilo kila mtu analijua. Lakini kwa dawa za presha na sukari tunaambiwa mitaani kwamba ya bei rahisi haina nguvu, basi mtu ananunua karatasi moja ya vidonge kumi vya ghali, vikiisha anakaa siku ishirini bila kumeza kitu akisubiri pesa ya dagaa. Presha haisubiri dagaa. Afadhali ya bei nafuu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, umeze mwezi mzima bila kuruka. Zipo chache, kama za kifafa, ambazo kubadilisha kampuni hovyo si vizuri, na hizo daktari aseme. Ila ukiwa hujui jina halisi la dawa yako, hata kuuliza bei duka la pili huwezi.

Na kuna hatari nyingine. Wabebaji wa pale soko la Mwaloni wanaumwa migongo, na diklofenaki, zile dawa za maumivu, wanazijua kama pipi. Dawa hizo hupandisha presha, na kwa mtu anayetumia losatani, dawa nyingine ya presha, pamoja na dawa ya kukojosha zinaweza kumharibia figo. Nazo zinauzwa kwa majina chungu nzima. Mtu anaambiwa kliniki aache diklofenaki, anaitikia kwa moyo mmoja, kisha jioni anauziwa ileile kwa jina jingine kwenye kibahasha cha "1x2".

Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu inazitaja dawa kwa majina yake halisi, kwa hiyo siombi jambo jipya. Naomba madaktari wetu wa Mwanza na visiwani waandike hivyo kwenye cheti. Naomba wauzaji waandike kwenye kila bahasha jina halisi, miligramu, na maneno ya Kiswahili ya kawaida: "ya presha, kidonge kimoja asubuhi". Ni mstari mmoja wa peni. Na wakimbadilishia mgonjwa kampuni, wamwambie kwa mdomo: Mama, hii ni ileile ya zamani, usizichanganye.

Mama amekata kipande cha boksi chenye jina la dawa yake, amekifunga kwenye pindo la kanga pale anapofungia nauli. Akifika dukani anakifungua na kukiweka mezani kabla hajasema lolote.

Wako,
Msomaji, Kirumba, Mwanza