Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kabla hujasaini kibali, uliza ramani imetoka wapi

Kwako Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

Yah: Ramani za spishi zinazoambatishwa kwenye maombi ya vibali

Salamu, Mheshimiwa, na pole na kazi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu maamuzi ninayoyazungumzia yakishafanyika hayarudi nyuma. Msitu ukishapasuliwa na barabara, hata kibali kikifutwa, msitu ule haurudi katika umri wako wala wangu.

Mimi ni mtafiti wa ikolojia. Kazi yangu ni kutengeneza zile ramani za rangi zinazokufikia ndani ya ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, zinazoonyesha mnyama au mmea fulani unaweza kuishi wapi. Nimeipenda kazi hii na ninaiamini. Ndiyo maana inaniuma ramani ya aina hiyo inapoletwa mezani kwako kama ushahidi kwamba eneo fulani ni tupu, na kwa hiyo lichimbwe.

Naomba nieleze kwa ufupi inavyotengenezwa. Tunakusanya kumbukumbu za mahali spishi ilipowahi kuonekana, tunaangalia hali ya mahali hapo (joto, mvua, mwinuko, uoto), kisha kompyuta inatafuta sehemu nyingine zenye hali inayofanana. Programu inayotumika sana ni MaxEnt, ambayo Steven Phillips, Robert Anderson na Robert Schapire waliieleza kwa kina mwaka 2006. Ilienea upesi kwa sababu haidai kuambiwa mahali spishi isipokuwepo, taarifa ambayo ni ngumu sana kuipata. Lakini programu ambayo haikuambiwa mahali spishi haipo haiwezi kukuhakikishia kwamba haipo. Inatoa alama tu, kuanzia sifuri hadi moja, ya jinsi mazingira yanavyofaa. Mtu ndiye anayechagua pa kukata: juu ya alama fulani anaandika "ipo", chini yake anaandika "haipo". Akisogeza mstari huo kidogo, maelfu ya hekta yanabadilika rangi. Na mara nyingi ripoti haisemi mstari ulikatwa wapi, wala kwa nini.

Kumbukumbu zenyewe nazo zina asili yake. Mtandao wa kimataifa wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye sekretarieti Copenhagen, una zaidi ya kumbukumbu bilioni 2 zinazopatikana bure kwa yeyote. Ni hazina ambayo vizazi vya watafiti vilivyotutangulia havikuwa nayo. Hata hivyo, watu huona ndege na kukusanya mimea pale wanapofikika: kandokando ya barabara, karibu na miji, karibu na vituo vya utafiti. Bonde lisilo na njia linabaki bila nukta hata moja, na kompyuta haina namna ya kujua kama spishi haimo au ni watu ambao hawajawahi kuingia. Sampuli ya zamani huwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: mwendo wa siku moja kaskazini mwa mto. Miaka mingi baadaye mtu anaiingiza kwenye kompyuta na kuipa viwianishi (namba za latitudo na longitudo) vya katikati ya nchi nzima. Nyingine hupewa viwianishi vya jengo la makumbusho inakotunzwa. Nyingine huachwa na latitudo sifuri na longitudo sifuri, na mnyama wa nchi kavu anaangukia baharini, kwenye Ghuba ya Guinea. Makosa haya yanasafishika, na programu za kuyasaka zipo, ila usafishaji unataka siku nyingi za kazi ya macho, na mshauri aliyepewa wiki mbili kuandika ripoti atauruka.

Kuna pia suala la majaribio. Utasoma kwamba modeli, yaani hesabu za kompyuta zilizozaa ramani, ilipimwa ikapata alama za juu. Uliza ilipimwa kwa nukta zipi. Kama nukta za kujifunzia na nukta za mtihani zimetoka kwenye kijito kimoja, modeli imeulizwa swali ambalo ilishapewa jibu lake. Kipimo cha haki ni kuficha ukanda mzima wa nchi, kuifundisha modeli kwa maeneo mengine, halafu kuona kama itaubashiri ukanda ule.

Modeli ikitumiwa vizuri inafanya makubwa. Madagaska, Christopher Raxworthy na wenzake walitengeneza modeli za aina 11 za vinyonga, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Modeli zilionyesha maeneo yanayofaa ambako vinyonga hao hawakuwa wakijulikana. Wangeweza kuyahesabu kuwa makosa ya kompyuta wakayafuta. Walichukua hatua ya kwenda kupekua maeneo ya namna hiyo, na upekuzi huo ukazaa spishi saba za vinyonga ambazo sayansi ilikuwa haijazijua. Hivyo ndivyo ninavyotamani ramani isomwe: ikuelekeze pa kutuma watu wakaangalie kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, yaani ikolojia ya mandhari: jinsi vipande vya makazi vinavyopangika na kuunganika ardhini. Ramani inaweza kuonyesha makazi mazuri pande mbili za barabara bila kusema kama mnyama anaweza kuvuka. Ripoti itahesabu eneo linaloliwa na lami na kusema ni dogo sana, na hesabu hiyo itakuwa sahihi. Ila karibu na Manaus, Brazili, tangu mwaka 1979, mradi ulioanzishwa na Thomas Lovejoy umefuatilia vipande vya msitu vya hekta 1, 10 na 100 vilivyotengwa na malisho. Pembezoni upepo na joto vilipenya, miti mikubwa ikaanza kufa. Ndege wengi wa chini ya msitu hawakuthubutu kuvuka uwazi wa chini ya mita 100. Uchambuzi wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kipande cha hekta 100 hupoteza nusu ya spishi za ndege hao katika muda usiofika miaka 15. Hekta 100, Mheshimiwa! Kwenye ripoti nyingi kipande kama hicho kinahesabiwa kuwa kimehifadhiwa.

Tena hasara hii haionekani mapema. Mkaguzi atakayekwenda miaka mitatu baada ya ujenzi atakuta miti imesimama na ataandika kwamba hali ni nzuri. Hataona kwamba chini ya mti mkubwa hakuna miche, kwa kuwa ndege aliyekuwa akisambaza mbegu zake hafiki tena. Hasara hii inayokuja kwa kuchelewa wanaikolojia huiita deni la kutoweka.

Kwa hiyo ombi langu ni kanuni za vibali zibadilishwe. Ramani yoyote ya spishi iambatane na data na msimbo wa kompyuta uliotumika, isipokuwa viwianishi vya spishi zinazowindwa na majangili, ambavyo vibaki wizarani. Pembeni yake iwepo ramani ya pili inayoonyesha modeli ina shaka wapi. Eneo lisilo na kumbukumbu litembelewe msimu wa mvua na wa kiangazi kabla ya kuitwa tupu, kwa gharama ya mwombaji. Na kila mradi upimwe unavyokata shoroba, yaani njia za wanyama kati ya makazi, mbali na hekta unazochukua. Mfumo wa Kunming na Montreal, makubaliano ya kimataifa ya bioanuwai yaliyopitishwa Desemba 2022, unadai asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ihifadhiwe ifikapo 2030, na unataka maeneo hayo yawe yameunganishwa vizuri. Asilimia inafikika kwa kujumlisha vipande kwenye karatasi. Muunganiko haujumlishwi, unalindwa ardhini.

Nafahamu kwamba wawekezaji watasema haya yanachelewesha maendeleo. Yatachelewesha kwa misimu miwili, katika miradi inayokusudiwa kudumu miongo kadhaa.

Nipo tayari kukaa na wataalamu wa wizara yako, bila malipo, tuchukue ripoti moja iliyokwisha kupitishwa na kuirudia modeli yake hatua kwa hatua, data ikiwa mezani. Chagueni nyinyi ripoti ipi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa ikolojia