Matengenezo ya seva yasifunge huduma za umma

Kwa Mhariri,

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu, aliyefika kutoka Faza katika Kisiwa cha Pate, hadi ofisi moja ya umma hapa mjini Amu, yaani Lamu, kufuatilia hati yake. Mlango ulikuwa wazi, makarani walikuwa wameketi mahali pao, na dirishani palibandikwa karatasi iliyosema kwamba mfumo umefungwa kwa ajili ya matengenezo hadi saa nane mchana. Kwa mwenyeji wa Mkomani au Langoni, mitaa ya hapa mjini, hizo ni saa chache, atarudi nyumbani na kuja tena baada ya adhuhuri. Kwa mtu wa Faza, Kizingitini au Ndau ni siku nzima pamoja na usiku wake, kwa kuwa mashua za abiria hufuata maji, na maji hayamngojei mtu aliyekwama dirishani. Shangazi alilala kwangu, na wajukuu aliowaacha kwa jirani wakalala huko huko kwa jirani.

Nisingeandika barua hii kama kufungwa huko kungekuwa hakuna budi. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kutunza hifadhidata, yaani daftari la kompyuta linalotunza kumbukumbu, na nilipomuuliza kijana anayesimamia kompyuta za ofisi hiyo, alinijibu kwa uungwana kwamba mfumo wao una seva tatu, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine, zilizounganishwa kuwa klasta, na kwamba siku ya kusasisha programu zote tatu huzimwa pamoja ili kazi iishe upesi. Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Umma umegharimia seva tatu ili moja ikiondoka mbili zishike kazi, kisha siku ya haja yenyewe zote tatu huzimwa, na faida ya kuwa nazo tatu ikapotea.

Wenye mashua zinazovusha watu kati ya Mokowe, iliyoko bara, na Amu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kila chombo hufikia wakati wake kikapandishwa pwani, kikakalafatiwa na kupakwa deheni, na siku hiyo abiria huvushwa na vyombo vilivyobaki majini. Sijapata kuona siku ambayo vyombo vyote vilipandishwa pwani kwa pamoja, watu wakaambiwa wakae Mokowe hadi deheni ikauke. Klasta ya hifadhidata iliundwa kwa fikira hiyo hiyo ya zamu, ila ina sharti moja ambalo mashua hazina: seva zote lazima ziafikiane juu ya kilichoandikwa, ili cheti kilichosajiliwa katika seva moja kisikosekane katika nyingine.

Ili maafikiano hayo yapatikane, klasta nyingi huwa na seva kiongozi inayopokea maandishi mapya, na seva fuasi zinazopokea nakala zake mara moja. Uamuzi wa nani awe kiongozi hutegemea akidi, neno tunalolisikia katika habari za Bunge, yaani idadi ya chini inayotakiwa iwepo, na katika klasta idadi hiyo ni zaidi ya nusu. Katika klasta ya seva tatu akidi ni mbili, kwa hiyo moja inaweza kutoka bila kazi kusimama. Katika klasta ya seva tano akidi ni tatu, na mbili zinaweza kutoka. Wapo wanaonunua seva mbili wakadhani wamejikinga, lakini zaidi ya nusu ya mbili ni mbili, na moja ikizimwa iliyobaki haina akidi. Wakiilazimisha iendelee bila akidi, hatari ni kubwa zaidi, kwani mawasiliano baina ya seva hizo yakikatika kila moja itajiona kiongozi na kuandika daftari lake, na kuyapatanisha madaftari mawili baadaye ni kazi ya kuumiza kichwa. Ndiyo maana mahali penye seva mbili huongezwa ya tatu, hata kama ni mashine ndogo isiyohifadhi data, iwe shahidi wa kupiga kura tu.

Matengenezo ya zamu, kwa hiyo, huendeshwa hivi. Siku chache kabla, fundi huhakikisha kwamba nakala rudufu ya data ipo, na kwamba imewahi kurejeshwa kwenye mashine nyingine ikasomeka. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo hupuuzwa mno. Tarehe 31 Januari 2017, katika GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu, mhandisi aliyekuwa akirekebisha seva fuasi iliyobaki nyuma alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kiongozi. Walipotafuta nakala rudufu waligundua kwamba njia kadhaa walizozitegemea zilikuwa hazifanyi kazi, wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya ajali kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni yenyewe ilieleza kisa hicho hadharani bila kuficha, na mafundi wa hifadhidata duniani kote wamenufaika na ukweli wao.

Siku ya kazi, fundi huanza na seva fuasi moja. Huiondoa kwanza katika orodha ya programu inayogawa maombi ya watumiaji, ili isipokee maombi mapya, huku yale yaliyokwisha kuanza yakiachwa yamalizike. Baada ya hapo huizima, huiwekea viraka vya usalama, yaani marekebisho ya programu, au kuibadilishia diski, kisha huiwasha. Hapa ndipo mafundi wengi huponzwa na haraka. Seva ikiwaka huonekana hai, taa zake zinamemeta na inajibu inapoulizwa, lakini data yake bado iko nyuma kwa muda wote iliokuwa imezimwa, na ni lazima ipokee kwanza yote yaliyoandikwa nyuma yake. Fundi akiizima ya pili kabla ya kwanza kukamilika, kiongozi hubaki na fuasi isiyo na kumbukumbu za mwisho, na kiongozi akianguka wakati huo, miamala ya watu huenda ikapotea au huduma ikasimama. Kipimo cha kuchelewa kwa nakala kipo katika kila hifadhidata ya maana, na kanuni ni kutogusa seva inayofuata kabla kipimo hicho hakijarudi karibu na sifuri na kutulia hapo.

Kuna jambo jingine linalohusiana na hilo. Seva kiongozi huweka kumbukumbu za mabadiliko kwa muda au kwa ukubwa maalumu, kisha hufuta za zamani ili diski isijae. Fuasi ikikaa nje kupita muda huo, haiwezi tena kuendelea pale ilipoachia, bali hulazimika kunakiliwa data yote upya, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi na kuielemea seva inayotoa nakala. Nimeliona likitokea mchana wa mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu, kwa sababu tu hakuna aliyeangalia kumbukumbu zinatunzwa kwa muda gani kabla ya kuizima fuasi.

Kiongozi hutengenezwa mwisho. Kwanza huacha kupokea maandishi mapya, hungoja fuasi mmoja aliyekwisha kutengenezwa awe na kila kitu, kisha humkabidhi uongozi. Makabidhiano haya yakipangwa vizuri huchukua sekunde chache, na sekunde hizo ndizo tu ambazo mtumiaji angeweza kuzihisi. Nasema angeweza, kwa sababu programu inayotumia hifadhidata, ikiandikwa kwa uangalifu, hungoja kidogo na kujaribu tena bila kumwonyesha karani kosa lolote. Lakini kujaribu tena kunahitaji hadhari. Mvuvi anayelipia leseni kwa simu asije akakatwa pesa mara mbili kwa kuwa muamala wake ulitumwa, uongozi ukabadilika, ukatumwa tena. Kinga yake ni kuupa kila muamala namba yake ya pekee tangu mwanzo, ili hifadhidata ikiuona mara ya pili iutambue kwamba ulikwisha kuandikwa. Hili haliwezi kuongezwa na fundi wa seva usiku wa matengenezo. Ni la kudaiwa kwa wanaoandika programu siku ya kwanza ya mkataba.

Mpangilio wa kuanza na fuasi una sababu nyingine pia. Kwa kawaida seva yenye toleo jipya huelewa nakala zinazotoka kwa toleo la zamani, wala si kinyume chake. Kupanda kutoka toleo kubwa hadi jingine kulikuwa kugumu zaidi, na katika PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, kwa mfano, nakala za kawaida za seva kwa seva hazivuki matoleo makubwa. Hata hivyo tangu toleo la 10, lililotolewa mwaka 2017, ipo njia ya ndani ya kunakili data kati ya matoleo tofauti. Mabadiliko ya umbo la majedwali nayo yanawezekana watu wakiendelea kuhudumiwa: safu wima mpya huongezwa kwanza, programu huandika katika safu zote mbili kwa muda, na ya zamani huondolewa baadaye kabisa, pale ambapo hakuna anayeisoma.

Sitaki msomaji adhani kwamba klasta hujilinda yenyewe. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub, kampuni nyingine ya aina hiyo, ilikuwa ikibadilisha kifaa cha mtandao katika matengenezo ya kawaida, na mawasiliano kati ya vituo vyake vya pwani ya mashariki ya Marekani yakakatika kwa sekunde 43. Katika muda huo mfupi programu ya kuchagua kiongozi ilihamishia uongozi pwani ya magharibi, huku maandishi machache yakiwa yamebaki mashariki bila kunakiliwa. Pande mbili zikawa na data zisizolingana, na huduma zao zilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11 hadi zilipotengemaa tena. Walichagua kulinda data kuliko kuwahi kufungua, na naona walichagua sawasawa. Lakini kisa hicho kinaonyesha kwamba uhamishaji wa uongozi lazima ufanyiwe mazoezi mara kwa mara, mafundi wakiwa macho na wametulia, usisubiri siku ya ajali.

Najua nitajibiwa kwamba inatosha kufunga usiku. Anayesema hivyo hajakaa visiwani. Hospitali hupokea akina mama wanaojifungua usiku, wavuvi hutoka kabla ya alfajiri, na ukifika msimu wa Maulidi mji huu haulali. Nitajibiwa pia kwamba saa 2 kila mwezi si kitu. Saa 2 mara miezi 12 ni saa 24, siku kamili ya mwaka, ilhali mfumo unaoahidi kupatikana kwa asilimia 99.9 hauruhusiwi kukosekana zaidi ya saa 8 na dakika 46 hivi kwa mwaka mzima.

Hoja ya gharama ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Seva moja ikitoka, zilizobaki hubeba mzigo wake. Ikiwa kila moja ya tatu inafanya kazi kwa asilimia 60 ya uwezo wake, mbili zitakazobaki zitafanya kwa asilimia 90, na huo ni ukingo. Ikiwa zinafanya kwa asilimia 70, mbili haziwezi kubeba. Kwa hiyo lazima pawe na uwezo wa akiba, na akiba ni pesa. Aidha, nakiri kwamba yapo mabadiliko machache ambayo hayafanyiki bila kufunga kwa muda, na fundi mwaminifu atayasema mapema na kuyapangia siku. Ninachokataa ni kuyafanya machache hayo kuwa desturi ya kila mwezi, wakati Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na taasisi za umma upesi na kwa ufanisi.

Naziomba taasisi zinazohudumia visiwa hivi, na serikali ya kaunti inapotangaza zabuni za mifumo, ziweke sharti kwamba mtoa huduma aonyeshe kwa vitendo, mbele ya mashahidi, seva moja ikizimwa na kurudishwa huku makarani wakiendelea kusajili watu. Sharti hilo liandikwe kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Na pale ambapo kufunga ni lazima, tangazo litolewe siku kadhaa mapema, kwa Kiswahili, kwenye redio na katika gati za Faza, Siyu, Kizingitini na Pate, kwa maana karatasi ya dirishani humfikia mtu akiwa amekwisha kulipa nauli.

Karatasi ninayoisema ingali imebandikwa, na chini yake pameandikwa kwamba matengenezo mengine yatakuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Zimebaki siku za kutosha kuchukua seva fuasi moja, kuijaribu peke yake na kupima inachukua dakika ngapi kuzifikia wenzake. Kijana yule aliniambia kwamba angependa kujaribu ila hajapewa ruhusa. Wakubwa wake wakimpa, mimi niko tayari kuketi naye bila malipo, na kumwachia kwa maandishi kila hatua tutakayoipitia.

Fundi wa hifadhidata,
Mkomani, Lamu